Nguchiro na Wimbo wa Kuchagua

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale mvua iligoma, likabaki bwawa moja. Humo bwawani alikaa Mamba. Wenye kiu walikuwa na njia moja tu: mmoja atangulie kunywa, wengine watazame. Akirudi, wote wanakunywa. Asiporudi, wanalala na kiu.

Palikuwa na marafiki watatu, Nguchiro, Kanga na Karunguyeye. Nani atangulie? Nguchiro akasema wachague kwa wimbo wa watoto. Kila neno, kidole kwa mmoja. Neno la mwisho likikuangukia, ndiwe. Tena akaanza kujihesabu yeye mwenyewe, wenzake wakamwona muungwana.

*Chura kavaa viatu,*
*Fisi kakimbia chatu,*
*Toka katika watu.*

Maneno tisa, wao watatu. Likamwangukia Karunguyeye. Kesho yake, Karunguyeye. Keshokutwa, Karunguyeye. Siku ya nne Mamba akamnyakua, chwap! Miiba ikamchoma ulimi, akamtema. Karunguyeye akarudi anachechemea.

Siku ya tano likamwangukia tena. Akalia, akaomba wimbo urudiwe.

"Wimbo haurudiwi," akasema Nguchiro. "Ukirudiwa si wimbo tena, ni ubishi."

Kanga akanyamaza, maana halikumwangukia yeye. Mimi nikifika hapa humkasirikia Kanga kuliko Nguchiro.

Siku ya sita akaja mgeni, Digidigi, ulimi umemkauka. Akaomba aungane nao. Nguchiro akamkaribisha vizuri, akamketisha baada ya Karunguyeye. Akaimba upesi upesi kama kawaida yake. Viatu, chatu, watu: maneno yaleyale tisa, lakini sasa wao wanne. Kidole kikasimama kifuani pake mwenyewe.

Akasema amekosea, ataanza upya.

Karunguyeye hakupandisha sauti. "Wimbo haurudiwi, ndugu yangu."

Nguchiro akashuka bwawani. Hakuwa na miiba, alikuwa na mbio tu. Akainamisha kichwa anywe. Chwap! Akaruka, akakimbia, nusu ya mkia ikabaki mdomoni mwa Mamba. Mamba akitafuna, wenzake Nguchiro wakanywa.

Tangu siku hiyo wakatangulia kwa zamu. Na aliyeomba zamu ni Nguchiro.

Basi watoto, na ninyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia: ukitunga kanuni ya kumwonea mwenzako, jua nawe utaishi chini yake. Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa bwawa. Mwenye kiu angoje zamu yake.