Yesu wa Kigango Amechoka

Hapo zamani, na msiniulize mwaka maana shule niliiacha kabla ya kufika huko, palikuwa na fundi baiskeli aitwaye Gaudensi. Kila Ijumaa Kuu kigango chao, kanisa dogo la kijijini, kiliigiza Njia ya Msalaba, na Gaudensi ndiye aliyekuwa Yesu. Ndevu alikuwa nazo, upole alikuwa nao, basi.

Shida ni kwamba Yesu anapendwa. Anapendwa mpaka mapenzi yanammwagikia aliyevaa kanzu yake. Mbuzi wa jirani wakila maharage ya Gaudensi, akiokota fimbo anaambiwa, "Bwana, hata wewe?" Anaitupa. Kilabuni akishika kopo la pombe ya ulanzi, wanampokonya. Hata Bi Mwanahawa, Mwislamu wa swala tano, alimletea mjukuu mwenye homa. "Nabii Isa ni wetu pia. Mguse."

Gaudensi akampakia mtoto kwenye baiskeli, akakanyaga pedali mpaka zahanati, vilima vyote vile. Mtoto akapona. Shukrani yake? Kesho yake wagonjwa wakapanga foleni mlangoni.

Akaenda kwa Katekista Hyera. "Baba, nimechoka. Nitoeni."

Kumbe wenzake walishamtangulia. Vitalisi, aliyekuwa Yuda, akadakia, "Na mimi je? Washenga wa binti yangu waliponiona wakaishia mlangoni. Nikimbusu mwanangu shavuni, watu wanaguna."

Ditrami, aliyekuwa askari, akafunua mdomo. "Vikongwe wananipiga miiko njia nzima, jino la hapa liko wapi? Na mjeledi ule ni wa kweli, jamani. Nampiga rafiki yangu, halafu Pasaka tunakula naye pilau. Haishuki kooni."

Katekista akapumua. "Mmoja tu apumzike. Wawili wakitoka, Ijumaa Kuu hatuna." Akamgeukia Gaudensi. "Amua wewe. Si wewe ndiye Bwana?"

Gaudensi akaketi, grisi bado mikononi. Akijichagua, kigango kizima kitasema Yesu kaukimbia msalaba. Akimchagua mwenzake, kanzu ni yake mpaka ndevu ziote mvi. Na nje tayari sauti ya mama mmoja inaita, "Bwana, upo? Mtoto anachemka."

Haya, nyie mliomaliza shule, acheni kukohoa kohoa. Kabla hajainuka kwenda kuitikia, niambieni: kati ya hao watatu, nani alistahili kupumzika?