Kanga na Nyumba Yenye Komeo

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na mlango!
Ulifungwa upande gani?
Sema wewe uliyeuona!

Haya, nasema. Hapo zamani za kale, kabla nyumba hazijajua komeo, palikuwa na nchi ya wanyama. Babu yake Simba alipotawala, mkosaji alikatwa mkia. Baba yake Simba alipotawala, mkosaji alifukuzwa ng'ambo ya mto, mpaka ng'ambo kukachangamka kuliko huku. Lakini wanyama wenyewe, bila kumsumbua mfalme, walikuwa na desturi yao: aliyeharibu hurudi kutengeneza, na majirani humwimbia nyimbo za kumsuta mpaka amalize.

Siku moja Ngiri aliingia shambani kwa Kanga, mjane mwenye vifaranga saba. Akafukua viazi vyote, akala, akacheua, akalala papo hapo kwenye matuta.

Kanga alipoona alipiga ukunga. "Ngiri wewe! Umeniua mimi na wanangu!"

Ngiri akainamisha kichwa. "Nimekosa, Mama. Nitalima, nitapanda, utavuna."

Mambo yangeishia hapo. Lakini Simba alikuwa ametoka safari, na mfalme akitoka safari, jamani, kaeni macho.

"Huko nilikokwenda nimeona ustaarabu," akasema. "Hawakati mkia, hawafukuzi mtu. Wanafungia! Nami ni mfalme mwenye huruma."

Ikajengwa nyumba ya mawe, yenye ua mpana, mlango mmoja na komeo moja. Mlangoni akawekwa Kifaru, asiyeona mbali lakini anayetii upesi. Ngiri akatiwa ndani miaka mitatu. Wanyama wakapiga makofi, maana walikuwa hawajawahi kuona komeo.

Kanga akaenda kwa Simba. "Bwana mkubwa, matuta yangu atalima nani?"

Simba akamjibu, "Mlango umefungwa, haki imetendeka."

Mawingu yakatanda. Kanga akaenda tena. "Bwana mkubwa, mvua iko karibu. Ngiri mwenyewe anataka kulima. Matuta yangu atalima nani?"

"Mlango umefungwa, haki imetendeka."

Mvua ikanyesha. Kanga akaenda mara ya tatu, amelowa chapachapa. "Bwana mkubwa, wanangu wanalala njaa. Matuta yangu atalima nani?"

"Mlango umefungwa, haki imetendeka! Tena umenikumbusha. Mfungwa lazima ale. Kuanzia leo utampikia wewe, kwa sababu mfungwa ni wako."

Mnasikia? Aliyeibiwa ampikie mwizi! Kanga alicheka kwa uchungu, kisha akalia, kisha akaenda kuwasha moto. Akapika siku ya kwanza, akapika siku ya pili, siku ya tatu chungu kikawa kitupu.

"Umemnyima chakula mfungwa wa mfalme!" akanguruma Simba. "Ndani!"

Kanga akaficha marando ya viazi chini ya bawa, akaingia. Vifaranga saba wakamfuata, kwani hakuna sheria iliyowazuia. Zamu ya kupika ikamwangukia Swala, akashindwa, ndani. Ikamwangukia Nyani, akashindwa, ndani. Ikamwangukia Kobe, akachelewa, ndani.

Huko ndani Ngiri alipomwona Kanga alisimama kwa aibu. "Mama, ua huu ni mpana. Iache pua yangu ifanye kazi."

Akalima. Kanga akapanda marando. Wengine wakamwimbia Ngiri nyimbo za kumsuta, naye akaitikia huku akitoka jasho. Viazi vikajaa ua mzima.

Nje kukawa kimya. Aliyekuwa akimpelekea mfalme chakula yuko ndani. Aliyekuwa akimfagilia yuko ndani. Aliyekuwa akimsifu naye yuko ndani, tena ananenepa. Kifaru akanusa harufu ya viazi vya kuchoma, akabisha hodi kwenye mlango anaoulinda mwenyewe.

"Ingia," akasema Kanga, "na komeo lako uje nalo."

Kifaru akatii, kama kawaida yake. Mlango ukakomewa kwa ndani.

Siku ya saba Simba akaja, mbavu nje. "Hodi! Mimi mfalme wenu. Nifungulieni, hata kiazi kimoja nitakula!"

Kanga akawatazama vifaranga wake saba, wote wameshiba. Akasogea mlangoni, akajibu polepole, "Mlango umefungwa, bwana mkubwa. Haki imetendeka."

Basi, wenzangu, shikeni hili: ukimfungia mkosaji, kosa lake linabaki nje, linamsubiri wa kulitengeneza.

Nami nilikuwepo, nje pamoja na Simba. Niliomba kiazi, nikarushiwa ganda, na hilo ganda Simba alinipokonya. Hadithi yangu naifunga hapa kwa kamba tu. Anayetaka na aifungue.