Binti Aliyesubiri Watu Wahamie Linux

Sogeeni mbele, kina mama. Ninyi wa huko nyuma ndio mtakaoniambia baadaye kwamba hamkusikia. Leo nina mfano umenikaa kooni tangu alfajiri, na nisipoutoa nitashindwa hata kula.

Palikuwa na binti mmoja, fundi wa kompyuta. Nikisema fundi sisemi wa kufungua mashine kwa bisibisi. Huyu aliandika zile programu zenyewe zinazoifanya mashine ifanye kazi. Yeye na wenzake walitengeneza sauti. Unaipa maandishi ya Kiswahili, nayo inakusomea. Si zile sauti za kigeni zinazotamka "mazishi" kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Hii ilisoma kama shangazi yako. Ilijua kupumua penye mkato, na majina ya huku kwetu milimani, yale yanayowashinda hata makarani wa mjini, ilikuwa inayatamka bila kukwaruza.

Na aliitoa bure. Chukua, ifungue uone ilivyoundwa, irekebishe, mpe na jirani. Ila sauti hiyo ilifanya kazi kwenye kompyuta za Linux tu.

Linux ni nini? Nitawaambia kama nilivyoambiwa. Kila kompyuta ina kitu ndani yake kinachoiendesha, kama nyumba inavyosimama juu ya msingi. Watu wengi wanatumia Windows, maana ndiyo waliyoikuta maofisini na mashuleni. Hiyo ina mwenyewe, na huruhusiwi kuichungulia ndani. Linux ni ya wote, kama kisima cha kijiji. Na binti huyu aliipenda Linux kama wengine humu tunavyolipenda dhehebu letu. Mnanielewa sasa.

Wenzake wakamwambia, "Dada, tuitengeneze ifanye kazi na kwenye Windows. Watu wengi wako kule."

Akasema, "Tukiwapelekea kila kizuri mpaka mlangoni, nani atatoka? Watakaa humo humo mpaka wazeeke. Waje wao. Kwetu hakuna kiingilio."

"Na wasipokuja?"

"Wakiitamani sana, watakuja."

Msimcheke. Ana hoja mtoto huyo. Hata mimi ningemkubalia.

Sasa mji huo ulikuwa na redio ndogo, na kwenye redio hiyo palikuwa na mzee mmoja aliyesoma matangazo ya vifo saa saba mchana. Mnaijua saa hiyo. Watu wanaacha kijiko hewani wasikie ni nani. Mzee huyu macho yalikuwa yamekwisha kwa ile presha ya macho, lakini kiti chake hakukiacha. Sikio moja aliweka kisikilizio, mashine ikamsomea, naye akarudia hewani, nyuma yake pumzi moja tu. Usingejua kwamba haoni.

Tabu ilikuwa ile sauti ya mashine. Ilikuwa ya kigeni. Siku moja ikafika kwenye jina la marehemu, ikalitafuna, na mzee akanyamaza hewani. Ukoo mzima umekaa sebuleni unangoja jina la mama yao, redio kimya. Mkuu wa kituo akamwita. "Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini mwezi huu ukiisha na majina ya watu bado hayatoki sawasawa, kiti nampa mwingine."

Mzee akashikwa mkono na mkewe, wakaenda kwa yule binti.

"Mwanangu, nimeambiwa una sauti."

"Ninayo, baba, karibuni. Unatumia Linux?"

"Natumia iliyopo kituoni. Windows."

Binti akashusha pumzi. Akaanza kuwaeleza mambo ya uhuru, kufuli na kisima cha wote, akaeleza mpaka chai ikapoa. Mzee alisikiliza kwa adabu. Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa na mdomo, akasema, "Binti, tumekuja kuomba sauti, umetupa hotuba."

Binti akacheka. Halafu akafanya jambo kubwa. "Mama, nitawapa na kompyuta. Ninayo ya ziada, ina Linux, ina sauti. Kesho naileta kituoni mwenyewe." Niambieni, hapo nani angemwita mchoyo?

Kesho yake, kabla ya saa saba, akaiweka mezani kwa mzee na kumvika kisikilizio. Sauti ikasoma. Kina mama, uso wa yule mzee ulifunguka kama mlango. "Huyu ni mtu wa kwetu kabisa," akasema. "Huyu amekulia kwa bibi yake." Binti akasikia moyo unamruka.

"Haya, baba, fungua tangazo la kwanza."

Mzee akapeleka vidole. Kwenye ile mashine ya zamani vidole vyake vilikuwa vinacheza, hapa, pale, amefungua, amesoma, amepita. Kwenye hii alibonyeza, kimya. Akabonyeza tena, kikafunguka kitu kingine. Mikono ikatoka kwenye vitufe, ikaanza kupapasa meza, ikitafuta ukingo wake, kama wiki ile ya kwanza macho yalipozima. Mkewe alikuwa mlangoni. Akageuka akatazama nje.

"Utazoea, baba," binti akasema taratibu.

"Nitazoea. Mimi si mjinga. Vidole hivi vilijifunza kila kona ya ile mashine wakati macho yananiaga. Naweza kujifunza tena. Lakini mwezi unaisha, mwanangu." Kisha akauliza bila hasira, "Huo uhuru unaousema, ni wa mashine au ni wa mtu?"

Kabla binti hajajibu, saa saba ikafika. Mzee akarudi kwenye mashine yake ya zamani, na sauti yake ile ya kigeni, akaingia hewani. Binti akasimama pale ameikumbatia kompyuta yake kifuani. Akamsikia mzee anakwama kwenye jina. Akamsikia analirudia, anakosea, anaomba radhi. Sauti ambayo ingelisoma jina hilo vizuri alikuwa ameibeba yeye, karibu na sikio la mzee kiasi cha kunyoosha mkono, na haikuweza kuvuka. Nani aliizuia, kina mama? Windows? Yule mzee?

Alitoka pale mbio. Aliwakuta wenzake wanakula, akawaambia naweni mikono, sauti tunaihamishia Windows. Walifanya kazi kama watu wanaozima moto. Kitu kikikataa, wanakifungua upya, wanabishana, wanacheka, wanajaribu tena. Na mwezi ulikuwa haujaisha walipoipeleka kituoni, wakaiweka kwenye Windows ya mzee, wakakaa naye kwenye benchi la wageni.

Saa saba mchana, mzee akaingia hewani. "Ukoo wa Mwakalobo wa Ilundo unasikitika kutangaza kifo cha mama yao mpendwa, Tupokigwe Mwakalobo. Habari ziwafikie Lusekelo aliye Chunya na Tusajigwe aliye Tunduma, popote walipo." Haikukwama hata herufi. Mke wa mzee akapiga kigelegele, kisha akakumbuka kwamba ni tangazo la msiba, akajiziba mdomo kwa kanga, na machozi yanamtoka. Mkuu wa kituo akaingia, akambonyeza mzee begani kwa kidole gumba, maana yake: kaa hapo hapo.

Sasa najua mnangoja nini. Mnangoja niseme kwamba mzee alifurahi hata akahamia Linux. Hakuhama. Mpaka leo yuko kwenye Windows yake. Mwenzake mmoja akamuuliza binti, "Basi wamehama wangapi?" Binti akamjibu, "Sijauliza."

Sikieni neno hilo. Sijauliza.

Na sisi? Bwana wetu alitungoja tupande kwake? Alishuka yeye, akazungumza maneno ya wavuvi na wapika mikate. Lakini sisi hapa kila Jumapili tunapika uji wa watoto, na tulikubaliana kikaoni wapewe waliokaa darasani kwetu tu. Wa ng'ambo ya ukuta, wa kwenye vilabu vya pombe, wanausikia unavyonukia. Tunasema waje, mlango uko wazi, hatudai kiingilio. Mama wa mmoja wao hana nguo ya kuja nayo. Baba wa mwingine amemkataza. Mwingine ana dini yake, na anaipenda kama sisi tunavyoipenda yetu. Je, uji huo tunautoa kwa sababu wana njaa, au kwa sababu benchi zetu ziko wazi?

Sisemi tuache kualika. Alikeni mpaka sauti zikauke. Ila tumbo la mtoto lisigeuzwe kamba ya kumvutia.

Uji wa leo uko jikoni, umeiva, nimeuonja mwenyewe. Nataka wawili wenye mikono ya nguvu wainuke sasa hivi, watoke na lile sufuria kubwa, wapite geti, wavuke barabara. Vikombe vichukuliwe vyote. Sisi tutakaobaki tutaimba, na wakirudi, mtu asiwaulize wamempata nani.