Shamba Alilolichoma Holo

Dawa ya moto ni moto. Haya, nimewasikia tangu mlipotoka mnadani. Mihayo katukanwa, naye akarudisha tusi mara mbili, nanyi mkampigia makofi mkisema dawa ya moto ni moto, kana kwamba methali hiyo ilitungwa na walevi. Kisha mnaniuliza ilitoka wapi! Kaeni basi, na mwache kucheka, maana humo hamna cha kuchekesha. Ilianza kwa familia moja iliyohamia porini.

Kwao kulikuwa kumejaa watu. Shamba la baba liligawanywa kwa wana saba, na fungu la Lushinge lilikuwa dogo hata kuku wake walitagia kwa jirani. Akasikia kwamba ng'ambo ya mbuga, mwendo wa siku kumi na mbili, kuna ardhi nyeusi isiyo na mwenyewe. Mkewe, Holo, hakutaka kwenda. Alikuwa na binti wa miaka minne, Limi, na mimba changa tumboni. Lakini mume akishasema twende, nani atabaki? Wakaondoka na ng'ombe tisa, pamoja na mzee Gindu, babake Lushinge, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umelemaa, wakampandisha juu ya punda.

Pori liliwapokea vibaya. Mbung'o waliua ng'ombe wanane kabla ya mvua za kwanza, na punda akafuata. Mtama wa mwaka ule uliliwa na nguruwe, wakaishi kwa mizizi na majani. Holo alijifungua mtoto wa kiume bila mwanamke mwenzake wa kumshika mkono, kwa kuwa jirani wa karibu alikuwa mwendo wa siku mbili. Alimlaumu mumewe moyoni, na siku nyingine alimlaumu kwa sauti.

Kwa desturi yao, mkwe hasemezani ana kwa ana na mke wa mwanawe. Mzee Gindu akitaka maji alimwambia Limi, “Mwambie mama yako babu ana kiu,” na Holo, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka hapo, alijibu kupitia kwa mtoto huyo huyo. Hata huko porini, walikokuwa watu watano peke yao, waliishika heshima hiyo. Mengine yote waliyotoka nayo kwao yalikuwa yamekwisha.

Mwaka wa pili mtama ulikubali. Shamba lilikuwa upande wa magharibi, limeanzia karibu kabisa na nyumba, mashuke yameinama kwa uzito, na Holo alianza kuhesabu siku za kuvuna. Lushinge alitaka kwanza wafyeke nyasi kuzunguka nyumba, kwa sababu kiangazi kilikuwa kikali.

“Nyasi haziliwi na ndege,” Holo akamwambia. “Kinacholiwa ni mtama. Tuamie kwanza, tuwafukuze ndege, tukishavuna tutafyeka.”

Lushinge akakubali. Mke aliyelala njaa mwaka mzima, utambishia nini?

Asubuhi moja yule ng'ombe mmoja aliyebaki, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomlea mtoto mchanga, hakuonekana. Lushinge alichukua kamba akafuata nyayo upande wa magharibi, akapita shamba, akaingia katika nyasi ndefu zilizoelekea mtoni. Jua lilipofika utosini, mzee Gindu, aliyekuwa mlangoni akisokota kamba, aliacha kazi akanusa. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka mashariki. Digidigi wawili wakakatiza uani bila kuwajali watu. Kisha moshi ukaonekana, umetanda upande wote wa mashariki, na chini yake wekundu unaokwenda mbio. Warina asali walikuwa wameacha moto wao mahali huko mbali.

Holo akamfunga mtoto mgongoni, akamshika Limi mkono. Akimbilie wapi? Mto ulikuwa mbali, na mkwe wake hawezi kukimbia. Ndipo mzee alipoita, na safari hii hakumwita Limi.

“Holo!”

Holo alishtuka. Hakuwahi kuitwa jina na mkwe wake.

“Abee, Baba.”

“Chukua kijinga cha moto jikoni, ukawashe mtama.”

“Baba!”

“Washia hapa hapa karibu na nyumba. Upepo utausukuma moto wetu uende magharibi, sisi tutasimama kwenye majivu. Moto ule ukifika hapo utakosa cha kula. Tulifanya hivyo nilipokuwa mchungaji.”

“Na Lushinge? Lushinge yuko huko huko magharibi!”

“Najua aliko. Ni mwanangu.”

“Basi tungoje kidogo, Baba. Kidogo tu. Huenda yuko njiani anarudi.”

“Yeye ana miguu, Holo. Hawa watoto hawana.”

“Moto wetu utamfikia kabla ya ule!”

“Utamfikia,” mzee akasema. “Labda ameshavuka mto. Washa, mwanangu. Ningekuwa na mguu ningewasha mwenyewe, lawama ikawa yangu.”

Holo akaita jina la mumewe mara tatu kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyeitika. Akachukua kijinga, akaenda ukingoni mwa shamba, akakiwasha chakula cha mwaka mzima. Mtama uliokauka haukuhitaji kubembelezwa. Moto uliruka ukaondoka na upepo, na Holo akasimama akiutazama unavyokwenda kule alikokwenda mumewe.

Ardhi ikiwa bado inaunguza nyayo, alimburuta mkwe wake kwa makwapa hadi katikati ya majivu. Akawafunika watoto kwa ngozi iliyoloweshwa maji, akawalalia juu. Moto wa mashariki ukaja, ukaila nyumba na ghala, ukafika penye majivu, ukafa.

Holo alimpata Lushinge siku ya pili, hatua thelathini kutoka mtoni. Ng'ombe alikuwa kando yake. Angemwacha, labda angefika majini. Alimchimbia kaburi kwa jembe ambalo mpini wake ulikuwa umeungua nusu. Alipomaliza alirudi, akakaa chini mbele ya mzee.

“Baba, uliomuua ni moto upi?”

Mzee Gindu alilia mbele ya mke wa mwanawe, na kwa watu wale hiyo ni aibu kubwa, wala hakuuficha uso.

Wale warina asali ndio waliowaokota, wakawalisha hadi mvua zikanyesha. Baadaye familia nyingine zilihamia kule, na kila aliyefika alishangaa: mbuga nzima iliungua, ninyi mlipona vipi? Mzee Gindu aliwajibu kwa maneno matano, “Dawa ya moto ni moto,” akageukia pembeni. Wageni wakayapenda maneno hayo, wakaenda nayo minadani na vilabuni. Habari ya kaburi hawakuichukua. Ndiyo maana leo mnayasema mkicheka.

Holo alizeekea kule kule. Kila kiangazi moto ulipozuka watu walimkimbilia yeye, kwa kuwa ndiye aliyejua. Alikuja na kijinga mkononi, akasimama. Moshi unakaribia, watu wanapiga kelele, “Washa, mama! Unangoja nini?” Hakuwasha. Aliwauliza nyumba kwa nyumba, akiwatazama usoni mmoja mmoja:

“Nani hayupo?”

Aliambiwa fulani yumo, na fulani, na watoto wote wamo. Aliuliza tena. Ni pale tu alipohakikisha kwamba hakuna mtu aliyebaki nje ndipo aliposema, “Haya. Dawa ya moto ni moto.” Kisha akaanza kuwasha kwenye shamba lake mwenyewe.