Sultani Ndani ya Tenga

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walishapata kompyuta ila subira walikuwa hawajaletewa bado, palikuwa na fukara mmoja aitwaye Vuai. Hana shamba, hana mbuzi, ana kompyuta kuukuu ya Linux tu, na humo aliunda kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python mchezo wa mbuzi aibaye mahamri. Sultani Darweshi alipoucheza alicheka hata kilemba kikamdondoka.

Basi Sultani alikuwa na wake watatu, na desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: alifanyalo nyumba moja, siku ile ile alifanye zote, la sivyo hapakuliwi chakula popote. Bibi mkubwa alikuwa na kompyuta ya Windows, wa kati Mac, mdogo Linux. Ukapelekwa mchezo kwa bibi mkubwa. Wapi! Kompyuta ikagoma, ikadai iwekewe Python kwanza.

"Nyumba yangu iombe vitu kama ombaomba?" akafoka bibi mkubwa. Na Sultani akalala na njaa.

Asubuhi akamwita Vuai. "Nataka kesho mafurushi matatu, kila nyumba na lake. Kila kinachohitajika ili mchezo uchezwe kiwe ndani. Ukiomba hata kitu kimoja cha nje, kichwa chako nakiondoa."

Ikawa Vuai ameshikwa na hofu kwelikweli, maana mchezo wa Windows hufungashwa pamoja na Python yake ndani ya kompyuta ya Windows, wa Mac ndani ya Mac, naye kompyuta anayo ile moja, na kuomba kumeharamishwa. Usiku kucha akawa anaipapasa shingo yake.

Kulipokucha akaja barazani na matenga matatu makubwa.

"Bwana wangu, kila tenga lina flashi, na ndani ya flashi umo mchezo, imo Python, zimo picha na mlio wa mbuzi. Kimepungua kimoja."

"Kipi, ewe maluuni?"

"Mchezaji. Bila mchezaji mchezo hauchezwi. Tafadhali, ingia."

Sultani, kwa kuwa amri ni yake mwenyewe, akaingia tenga la kwanza, magoti yakafika kidevuni, na waziri akamsukuma kichwa kidogo.

"Ahsante. Sasa ingia na la pili."

"Wewe una wazimu? Si nimo humu!"

"Naam, bwana, na nyumba zote zangoja leo hii. Ningeomba masultani wengine wawili, lakini kuomba nimekatazwa."

Tenga likatikisika. Kumbe Sultani anacheka.

"Omba, Vuai! Omba lolote, mgongo unaniuma!"

"Naomba kompyuta za mabibi, saa moja tu, maana vilivyomo kwenye flashi bado havijafungashwa."

Zikaletwa. Vuai akaufungasha mchezo ndani ya kila moja, zikarudishwa, na jioni ile mbuzi akaruka katika nyumba zote tatu bila kudai kitu. Sultani akala mara tatu, akawa hajiwezi.

Waziri akainama. "Na kile kichwa, bwana wangu?"

"Kiache juu ya mabega yake," akasema Sultani, akijipangusa mafuta mdomoni. "Na hicho kinahitajika."