Kipande Kinacholiwa na Maji

Wapendwa, leo nina habari za mwenye boti mmoja wa ziwani. Boti yake ilikuwa ya chuma, na nyumba yake nzima ilikula kwa boti hiyo. Fundi alikuwa amemfungia kipande cha madini chini, sehemu inayozama majini, akamwonya, "Hiki usikiguse. Kikiisha, niite nikuwekee kingine."

Mwaka uliofuata akaivuta boti nchi kavu aipake rangi, maana binti yake alikuwa ameshachumbiwa na angevushwa kwa boti hiyo kwenda kuolewa ng'ambo. Akachungulia chini. Chuma chote kizima! Lakini kile kipande, jamani, kimeliwa, kimejaa mashimo, kimebaki nusu.

"Wakwe wakiona hiki si watanicheka?" akasema, akachukua spana.

Mkewe akamwambia, "Baba watoto, fundi si alisema kisiguswe?"

"Fundi anatafuta kazi tu. Maji haya si ndiyo tunayochemshia chai? Yangekuwa ya chumvi, sawa. Maji matamu hivi yatakula chuma?"

Mnacheka? Nusu yenu mngemshikia spana!

Basi akakifungua. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa vitu, akakifanya cha kuzuilia mlango wa banda la kuku. Boti akaipaka buluu ubavuni, pale macho ya wakwe yatakapofika, akairudisha majini.

Miezi ikapita, siku ya harusi ikawadia. Boti imejaa wajomba, mashangazi, masufuria ya pilau na vigelegele. Katikati ya ziwa shangazi mmoja akahisi miguu imelowa, akauliza nani kamwaga soda. Haikuwa soda. Boti ilikuwa imetoboka! Pilau ikamwagwa ziwani, masufuria yakawa ya kuchotea maji, na bibi harusi mwenyewe akakunja shela akachota pamoja nao. Baba mtu alishika usukani huku analia kama mtoto, kwa sababu kila anayempenda alikuwa ndani ya boti ile. Mungu ni mwema, wakafika wote, wamelowa na njaa inawauma. Ndoa ikafungwa hivyo hivyo.

Fundi akaja kuiangalia boti. "Kipande changu kiko wapi?"

"Kinazuia mlango wa kuku."

"Basi kuku wako wako salama sana," fundi akasema. "Mzee, maji matamu nayo yanakula chuma, ila yanakula polepole, hayapigi kelele. Kile nilikiweka kiliwe chenyewe, boti ibaki. Wewe umeyanyang'anya maji chakula chao, yakageukia sahani."

Sasa, ndugu zangu, tuache ziwa, twende nyumbani. Kwako anayeliwa ni nani? Nani anaamka kabla yenu, anakula baada yenu, anameza maneno ili ugomvi usifike kwa watoto? Tukimwona amekonda, amechoka, ana hasira kidogo, sisi tunasema amechakaa. Wageni wakija tunatamani akae jikoni. Hatujiulizi hata siku moja kwa nini sisi tumenawiri hivi!

Na hapa kanisani je? Chai ya baada ya ibada mnaipenda. Vikombe anaosha nani? Kina mama wale wale, tangu kanisa hili likiwa la turubai.

Naona mikono imeinuka, mnataka kuwapigia makofi. Ishusheni. Fundi hakusema kipande kipigiwe makofi. Alisema kikiisha, kiwekwe kingine.

Kwa hiyo leo kina mama watakaa kwenye viti, watakunywa chai ikiwa ya moto. Vikombe tutaosha sisi wanaume, nami nimeshakunja mikono ya joho. Mzee wa kanisa unayeuangalia mlango, nimekuona. Njoo mbele, sabuni utashika wewe.