Kiatu Kimoja, Chapa ya Nani?

Haya, kila mtu aangalie miguu yake! Ndiyo, na wewe uliyeificha chini ya mkeka! Mwenye kandambili, mwenye raba, aliyekuja peku, wote mnanifaa, maana hadithi yangu inaanzia huko chini. Ila nawaonya mapema: mara ya mwisho nilipoisimulia, mashemeji wawili waliondoka hawasemeshani. Msije mkanilaumu.

Katika nchi moja, ambayo jina silitaji msije mkasema nasengenya, walikuwepo watu watatu wenye vipaji vya ajabu.

Mzee Chilongani alikuwa mfugaji, na kipaji chake kilikuwa masikio. Ng'ombe akikohoa zizini, yeye yuko ndani anakunywa uji, atakwambia ni yupi na anaumwa nini.

Bi Raudha alikuwa na kiwanda cha ngozi, kiwanda hasa, cha wafanyakazi mia nne. Yeye kipaji chake kilikuwa pua. Alipita kando ya mapipa ya kulowekea ngozi, akanusa mara moja, akasema, "Hili bado siku mbili." Na kweli, siku mbili zilikuwa bado.

Sikudhani Mpangala aliuza viatu vya mitumba mnadani, biashara yake yote imelala juu ya turubai moja. Huyu alikuwa na macho! Ukipita tu mbele yake: "Kaka, unavaa arobaini na moja, na mguu wako wa kushoto umeuzidi wa kulia!" Nenda kapime uone.

Sasa, wanafunzi wa nchi ile walivaa viatu vya kutoka ng'ambo, vikipasuka kabla muhula haujaisha. Serikali ikachoka, ikatangaza: atakayeleta jozi elfu moja za humuhumu nchini ndani ya siku tisini, watoto wazivae kutwa bila kuzivua, atapewa kazi ya kuwavisha wanafunzi wote kwa miaka kumi. Miaka kumi, jamani! Hapo mtu hapati usingizi!

Watatu hao wakakutana mnadani, wakapeana mikono, wakasema tutafanya pamoja. Hawakuandikiana kitu, kwa furaha.

Akaanza Mzee Chilongani. Desturi ya kwao, ng'ombe akitimiza miaka miwili huchomwa chapa ubavuni: duara na mistari miwili, alama ya ukoo. Bi Raudha alipoikunjua ngozi ya kwanza, alishika kichwa.

"Mzee wangu, ngozi nzuri hivi, halafu katikati mmeandika barua!"

"Hiyo si barua, mama. Ndilo jina letu."

"Basi jina lenu limenichomea ngozi. Kiatu kitapasuka hapohapo penye chapa."

Mzee akarudi nyumbani. Zizini alikuwa na madume sitini ambao bado hawajachomwa, aliowatenga kwa mahari za wanawe watatu. Akawachinja wote, na harusi tatu zikaahirishwa. Ndama waliobaki akaacha kuwachoma, ili ngozi zao zije kufaa. Wezi wakaja mchana kweupe, wakaswaga kumi na mmoja. Alipowafuatilia hakuwa na alama ya kuonyesha kuwa ni wake.

Akafuata Bi Raudha. Mapipa yake yote yalikuwa yamejaa ngozi za mteja mmoja wa ng'ambo, mteja wa miaka tisa. Akaagiza ziondolewe, zipishe ngozi za Mzee. Msimamizi wake akamkimbilia mbio: "Bosi, mteja huyu akiondoka tutakula nini?"

"Tutakula viatu," akajibu. Mteja kweli akaondoka. Dawa ya kulainishia ngozi nayo ikakwama bandarini. Bi Raudha akatafuta maganda ya miti iitwayo miwati, akayachemsha kama walivyofanya wazee, akawa anazunguka mapipa kutwa na pua yake ile, mpaka ngozi sitini zikatoka laini, hakuna hata moja iliyoharibika. Lakini mashine za upande wa pili wa kiwanda zilikuwa zimenyamaza, na watu mia nne wakimtazama usoni kila asubuhi.

Jozi ya kwanza ikashonwa. Inang'aa! Kiwanda kizima kikapiga makofi, isipokuwa Sikudhani.

"Kizuri. Ila hakivaliki."

"Hakivaliki?" Bi Raudha akawaka. "Kalibu hizi za miguu za kushonea viatu nimeagiza Ulaya!"

"Ndiyo hivyo, dada, ni miguu ya Ulaya. Watoto wetu wanashinda peku tangu wanajifunza kutembea, vidole vimetanuka. Mimi kila siku ya mnada nachana mitumba ubavuni ili mguu upenye."

Siku zilikuwa zimebaki thelathini. Sikudhani akakunja turubai lake, akashika mkaa na mifuko mitupu ya saruji, akazunguka shule kumi na tatu, akachora miguu mia nane. Mia nane, mmoja mmoja! Kalibu mpya zikachongwa kwa michoro ile. Aliporudi mnadani, nafasi aliyokaa miaka kumi na miwili ilikuwa na muuza sufuria. Na alijua vizuri kwamba watoto wakishapata viatu imara, mitumba yake haina mnunuzi.

Siku ya tisini ikafika. Watoto elfu moja uwanjani! Wakacheza mpira, wakaruka kamba, wakakanyaga matope, wakavuka mfereji wa maji. Saa nne, hakuna aliyevua. Saa saba, hakuna. Saa tisa, binti mmoja akainama akashika kiatu, watu wote roho mkononi. Kumbe anafunga kamba! Uwanja ukalipuka. Mzee Chilongani, mtu mzima yule, alicheza mpaka akaangusha fimbo.

Ndipo afisa wa serikali, Bwana Mnyawami, akatoa fomu.

"Hongereni sana. Sasa, kiatu kina nafasi ya kuchomwa chapa moja, hapa kwenye ulimi. Na fomu inataka mwenye kazi mmoja. Sekta: ufugaji, kiwanda, au biashara? Ukubwa: mkubwa, wa kati, au mdogo? Tieni alama moja moja. Atakayeandikwa ndiye mwenye chapa na kazi, na ndiye atakayechagua wa kushirikiana naye. Saa kumi nafunga. Fomu ikiwa tupu, kazi inarudi ng'ambo."

Wakadakia wote kwa mpigo!

"Chapa nimeitoa kwa ng'ombe wangu," alisema Mzee. "Ikae kwenye kiatu. Isikose pote pawili."

"Watu mia nne nimewaweka rehani kwa ajili ya kiatu hiki," alisema Bi Raudha.

"Na kikimbana mtoto, mama yake atamtafuta nani? Mimi!" alisema Sikudhani.

Wakamgeukia afisa. Kitabu cha uchumi si hicho kwapani mwake? Atuambie nani anaibeba nchi! Bwana Mnyawami akafunua, akajikuna kisogo. "Kwa kodi, wenye viwanda vikubwa. Kwa wingi wa biashara, wachuuzi wadogo kama dada hapa. Kwa idadi ya watu wanaopata riziki, wafugaji na wakulima." Akakifunga. Hakikumsaidia mtu.

"Bi Raudha," alisema Mzee taratibu, "ukiandikwa wewe, kesho ukapata ngozi rahisi ng'ambo, utanikumbuka?"

Bi Raudha akamgeuzia swali. "Na wewe, mzee wangu, akija mwenye kiwanda kikubwa kuliko changu?"

Mzee akainama kuokota fimbo yake. Wote wawili wakamtazama Sikudhani. Akacheka, "Mimi siwezi kuwatupa." Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu alikumbuka bei ya mitumba, rahisi kuliko ngozi ya Mzee na kazi ya kiwanda.

Sasa niko hapohapo uwanjani. Vyuma vitatu vya kupigia chapa viko kwenye moto: duara la ukoo, jina la kiwanda, na unyayo aliouchora Sikudhani. Saa kumi kasoro dakika tano. Asiniambie mtu "wagawane", nafasi ni moja! Asiniambie "kura", hao ni watatu na kila mmoja atajipigia! Wasioandikwa wanaweza kuachwa kesho asubuhi, huyu bila madume, yule bila mteja, yule bila hata pa kutandika turubai.

Chuma kimeshakuwa chekundu, nacho hakingoji. Haya, wewe mwenye raba, na wewe uliyekuja peku: ungepiga chapa ya nani?